Mwosha Huoshwa

Jumanne ya tarehe 10 Aprili 2012 nilisimama kando ya barabara, Kinondoni, Dar es Salaam, katikati ya watu ambao sikumjua hata mmoja. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alikuwa amefariki usiku wa kuamkia Jumamosi iliyotangulia, akiwa na umri wa miaka 28. Aliagwa katika viwanja vya Leaders Club, kisha msafara ukaelekea makaburini. Watu walikuwa wamepanda juu ya kuta na miti. Wengine walizimia, wakabebwa pembeni kupepewa kwa khanga. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi kichwani. Alilia bila kuishusha, mkono mmoja umeishika isianguke, wa pili ukifuta machozi. Hakuwa amekutana na Kanumba hata siku moja, na alimlilia kama mwanawe wa kumzaa.

Nami nililia. Sikuona aibu wakati ule, wala sioni sasa.

Miezi michache baadaye, mtaani kwetu Temeke, alifariki mwosha maiti wetu. Sitamtaja jina, maana hakuwa mtu wa kupenda kutajwa. Kwa miaka mingi, mwanamke wa Kiislamu akifariki mitaa ile, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wake. Iwe usiku wa manane, iwe mvua ya masika inamwagika, angetoka na kifurushi chake: pamba, kafuri, majani ya mkunazi yaliyokaushwa, mkasi wa kukatia sanda. Aliosha mama za watu na mabinti za watu. Alimwosha bibi yangu. Hakuwa na bei. Aliyempa chochote alishukuru, asiyempa hakumuuliza.

Kazi yake ilikuwa na jambo moja ambalo sikulitafakari mpaka alipoondoka. Akishaosha na kukafini, wanaume huingia, hulibeba jeneza na kuondoka nalo wakipokezana mabega. Wanawake hubaki. Yeye aliyemwandaa marehemu kwa safari hakufika makaburini kuiona safari yenyewe. Alibaki uani akisuuza beseni na ndoo, na watu walipokuwa wanarudi kukaa kwenye mikeka chini ya turubai, yeye alikuwa ameshapita uchochoroni kurudi kwake.

Siku ya mazishi yake nilifika makaburini, nikatupia viganja vitatu vya udongo, nikaondoka kuwahi kazini. Siku ya tatu nilikwenda kuhani. Mzee mmoja pale jamvini akauliza, hivi huyu mama amewaosha watu wangapi? Tukatazamana. Hakuna aliyejua hata kwa kukisia. Kisha nikajiuliza mwenyewe, kimoyomoyo: ametoka mji gani? Nani alimfundisha kazi hii? Aliianza lini? Filamu za Kanumba ningeweza kuzitaja moja baada ya nyingine bila kusita. Habari za mtu aliyemstiri bibi yangu sikuwa nazo hata moja.

Tangu siku hiyo nimesikia mara nyingi watu wakiwakejeli wanaolia kwenye misiba ya mastaa. Husema ni ushamba, ni kufuata mkumbo, ni kumlilia mtu asiyekujua. Mimi siko upande wao. Kanumba hakuwa mgeni kwetu. Aliingia majumbani kwa kanda na sidi, akaingia saluni, vibanda vya video na mabasi ya mikoani. Alikuwa kijana wa Shinyanga aliyewaonesha wenzake kwamba hadithi zinazosimuliwa kwa Kiswahili chetu zinaweza kununuliwa na kuheshimiwa nje ya mipaka yetu. Alipocheza filamu pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria, wengi tulijiona tumefika naye. Mtu aliyekuliza na kukuchekesha sebuleni kwako kwa miaka mingi una haki ya kumwita wako.

Tena katika msiba mkubwa wa namna ile, kila mtu huja na kilio chake alichokiweka ndani. Huenda mama wa maandazi naye alizika kijana. Huenda alikuwa hajapata nafasi ya kulia, maana siku ya msiba wake alikuwa na wageni wa kupokea na madeni ya kulipa. Msiba wa Kanumba ulimpa ruhusa. Msanii mkubwa hutufanyia hisani hiyo hata akiwa ameshafariki: hutukusanya barabarani tukalia pamoja bila kuulizana unalilia nini.

Kwa hiyo kilio hicho si kosa. Kosa langu siku ile makaburini Temeke halikutokana na machozi niliyoyamwaga Kinondoni. Machozi si maji ya kununua kwa ndoo, useme yamekwisha kwa sababu yalimwagwa kwingine. Nilikuwa nayo ya kutosha wote wawili. Nilichokosa ni kumtambua mtu niliyekuwa na deni lake.

Wahenga walituachia methali mbili zinazokaa karibu na jambo hili. Kuhusu anayecheza mbele za watu walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kuhusu anayetenda wema walisema, tenda wema nenda zako. Ya kwanza tunaitii vizuri sana. Kwenye taarabu tunainuka kwenda kutunza, na msanii akifa tunamtunza mara ya mwisho kwa maua na machozi. Ya pili tumeipokea vibaya. Methali ile inazungumza na mtenda. Inamwonya asikae mlangoni akingoja asante, asije akavunjika moyo. Haizungumzi na aliyetendewa. Hakuna mahali ilipomruhusu akae kimya. Sisi tumechukua wosia wa mtoaji tukaufanya kinga ya mpokeaji, na kila tunaposahau tunajisemea kwamba fulani hakufanya ili asifiwe. Ni kweli hakufanya ili asifiwe. Ukweli huo unamsifu yeye, na sisi hautuondolei deni.

Mji wa Dar es Salaam wenyewe una kumbukumbu inayofundisha jambo hili. Pale katikati ya mji, kwenye mzunguko wa barabara ya Samora, amesimama askari wa shaba ambaye bunduki yake imeelekea bandarini. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja pia wapagazi, lakini aliyepewa umbo na uso ni askari. Wapagazi ndio waliokuwa wengi zaidi. Vita ile ilipopiganwa katika ardhi hii kati ya mwaka 1914 na 1918, barabara za magari zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa sababu ya mbung'o. Unga, risasi na mahema vilisafiri vichwani mwa watu. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa. Waliouawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps. Mahali walipopiga kambi hapa Dar es Salaam, wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako lipo eneo lililopata jina kwa njia hiyohiyo. Kila siku maelfu ya watu huenda Kariakoo kununua vitambaa, simu na nyanya, huku wakitamka jina la wapagazi bila kujua kwamba wanawataja. Askari alipata shaba. Mpagazi alipata soko, na soko halimkumbuki.

Sisemi hivyo kumnyang'anya askari heshima yake. Nataka tuone jinsi macho yetu yanavyofanya kazi. Jicho la watu hupenda umbo moja, uso mmoja, mtu mmoja aliyesimama juu. Wengi waliobeba kwa pamoja hutupita.

Hata pale tunapomtambua mtu wa kawaida, jicho ni lilelile. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliofariki walikuwa 19, na 24 waliokolewa. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango wa ndege, akapewa zawadi, na Rais akaelekeza achukuliwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi siku ile. Mara moja taifa lilisimama na kumtazama mvuvi. Lakini ziwani hakuwa peke yake. Kulikuwa na mikono mingine iliyovuta kasia na kamba, na wenye mikono hiyo kesho yake walirudi kwenye dagaa zao.

Na wapo ambao hata ajali haiwezi kuwatoa gizani, kwa kuwa kazi yao ni kuzuia msiba usitokee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba Tanzania ilipoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha 104. Sababu ni nyingi: vituo vya afya vilivyoongezwa, dawa, magari ya wagonjwa, barabara. Lakini ndani ya tofauti hiyo yumo muuguzi mkunga wa zamu ya usiku, aliyeona damu imezidi na akajua la kufanya kabla daktari hajafika. Matunda ya kazi yake ni matanga ambayo hayakuwekwa. Nani atakusanyika kwenye matanga ambayo hayapo? Mama amerudi nyumbani na mtoto, watu wamekunywa uji, maisha yameendelea. Mkunga amevua aproni, amepanda daladala.

Nimejiuliza kwa muda mrefu dawa ya usahaulifu huu ni nini. Zamani nilidhani inatosha kuwafanya watu hawa wajulikane: tuwaandike magazetini, tuwape tuzo, tuwapandishe jukwaani. Namfikiria mwosha wetu, naona hapana. Anayeosha maiti huona ambayo wengine hawatakiwi kuyaona. Huona kovu lililofichwa, huona ugonjwa uliokuwa siri ya nyumba, huona mwili ulivyopigwa na maisha. Yote hayo ni amana, na dini inamtaka ayafunike. Kazi yake haiwezi kukaa na umaarufu nyumba moja. Siku atakapoanza kusimulia mambo yake ili watu wamjue, atakuwa ameacha kuwa mwosha. Ukimya aliokuwa nao haukuwa upungufu wa sifa. Ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, na bibi yangu alilala salama kwa sababu ya ukimya huo.

Basi kumlipa mtu kama huyu kwa sarafu ya staa ni kumpa asichokihitaji. Staa alitupa sura na sauti yake hadharani, nasi tukamrudishia hadharani. Hilo ni haki. Mwosha alitupa ujirani. Alikuja alipoitwa, akakaa muda wote uliohitajika, hakusema. Deni la ujirani hulipwa kwa ujirani: kwenda, kukaa, kuuliza hali, kujua jina la kijiji chao, kujua mguu unaomuuma ni upi. Hulipwa akiwa hai, maana marehemu hapokei sukari wala hasikii salamu.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Karibu kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana. Tazama neno lenyewe: kuzikana. Mimi nikuzike, wewe unizike. Watu walioliunda walijua kwamba heshima ya mwisho si tamasha la mmoja kutazamwa na wengi, ni mkopo unaozunguka. Vikundi hivi huandika kwenye daftari nani ametoa rambirambi na nani anadaiwa. Ukurasa mmoja ungetosha kuandika pia nani aliosha, nani alichimba kaburi, nani alikesha na mgonjwa, nani alipika kwa siku tatu macho yakiwasha kwa moshi. Mwisho wa mwaka majina hayo yasomwe mbele ya wanachama. Hilo halihitaji kamera wala mgeni rasmi.

Methali ya watu wa kazi ile ni fupi: mwosha huoshwa. Aghalabu husemwa kwa onyo, kwamba anayeshughulikia leo naye kesho atashughulikiwa. Kwa mwosha wetu ilitimia kwa upole. Alioshwa na binti wa jirani, aliyekuwa akimfuata miaka ya mwisho kumbebea ndoo na kujifunza. Binti yule alimwosha mwalimu wake akitetemeka, nimeambiwa, na alipomaliza alibaki uani akisuuza vyombo wakati sisi wanaume tunaondoka na jeneza. Nilipita karibu naye. Sikumwambia hata pole.

Sasa ni mama wa makamo, bado yupo mtaani, na ndiye anayegongewa mlango usiku. Nimeanza kwenda kwake. Siku ya kwanza sikujua la kusema, nikapeleka sukari na sabuni, nikakaa, tukazungumza habari za mwalimu wake. Alitoka Kilwa. Kazi aliifundishwa na shangazi yake.

Msomaji, staa mwingine atakapoondoka, na ataondoka, mlilie bila haya. Ila kabla ya siku hiyo kufika, mtafute mtu mmoja mtaani kwako aliyewahi kukustiri, kukuzalisha, kukuvusha au kukuzikia. Yuko hai. Nyumba yake unaijua. Nenda kamsalimie.