Maji kwa Asiyejulikana

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana mintarafu ya mgeni. Ya kwanza yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", ya pili, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sisi wa pwani, tuliozoea kupokea majahazi, huzitamka zote mbili bila taabu. Je, iko methali ya mgeni ambaye huenda mikono yake ina damu?

Swali hili si la kubuni. Tarehe 28 Aprili 1994 na kesho yake, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia Ngara, mkoani Kagera. Chini ya daraja, mto ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Haukupita muda wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Miti ikakatwa kwa kuni, maji yakagombewa, mashamba yakaibiwa. Hata hivyo Wahangaza, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kinyarwanda, hawakuhitaji mkalimani wa kiu. Waliombwa maji, wakatoa.

Waliotoa hawakujua wanampa nani. Katika kambi ya Benaco walikuwamo mayatima, na walikuwamo waliochinja. Alikuwamo Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa meya wa Murambi. Juni 1994, alipotakiwa aondolewe, umati ulizusha fujo. Mwaka 2011 Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mwaka uliofuata rufaa ikaweka kifungo chake kuwa miaka 40.

Basi, je, upendo usio na masharti si ujinga? Novemba 1994, kule mashariki ya Zaire, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini, kwa kuwa misaada ilikuwa ikiwapa nguvu wauaji. Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini tupambanue. Shehena ya chakula inayogawiwa kwa amri ya mkubwa wa kambi ni mamlaka. Kata ya maji mkononi mwa mwenye kiu ni uhai tu. Upendo haumwulizi mtu hati kabla ya kumnywesha; wala haumfichi hakimu anapokuja kumtafuta. Mambo hayo mawili hayapingani, kwani aliyekufa kwa kiu hawezi tena kujibu mashtaka. Kukataa jeuri si kufumba macho mbele ya uovu, bali ni kukataa kufanana nao.

Katika wilaya jirani ya Biharamulo iko kata ya Runazi. Kwa miaka mingi mabasi ya upande huo yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa kuhofia majambazi, na si ajabu hofu ikageuka chuki kwa kila mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka. Hebu tumfikirie mkulima wa huko, jua likizama, anasikia hodi ya asiyemjua. Ana haki ya kuogopa. Ana haki ya kumwita jirani. Hana haki ya kuokota jiwe kwa sababu ya lafudhi tu.

Waama, mtihani wa upendo haufanyiwi mimbarini. Hufanyiwa mlangoni, magharibi, baina ya kata na jiwe.