Pointi za Unga na Chumba cha Orofa ya Tatu

Majengo ya biashara katikati ya Eldoret hupangwa kwa namna inayofanana. Chini wako wauza simu na betri za sola, juu yao SACCO na duka la sare za shule, orofa ya tatu kliniki na maabara, ya nne wakili pamoja na kanisa linalokodi ukumbi kila Jumapili. Setilaiti za GPS hazina habari na mpangilio huo. Mawimbi yake hufika ardhini yakiwa hafifu, na zege humaliza nguvu iliyobaki, kwa hiyo mtu akiwa ndani ile nukta ya buluu kwenye ramani ya simu hutangatanga, mara Uganda Road, mara kichochoro cha nyuma. Aliyepanda kununua sare na aliyepanda kuchukua majibu ya damu, kwa setilaiti wote ni watu wa jengo moja, basi. Wahandisi huiita kasoro. Mimi naona ilikuwa stara, na tuliipata bure.

Njia mojawapo ya kuiondoa stara hiyo ni sauti. Spika ndogo kwenye dari hutoa mlio wenye mitetemo kati ya 18,000 na 20,000 kwa sekunde. Sikio la kijana huishia karibu na 20,000, la mtu mzima huishia mapema zaidi, basi mteja hasikii chochote ila muziki wa dukani. Simu husikia, kwani maikrofoni yake huchukua sampuli 44,100 au 48,000 za sauti kila sekunde, na hizo zinatosha kuunasa mlio. Kinachobaki ni hesabu. Katika joto la nyuzi 20, sauti huenda mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa milisekunde. Wimbi la redio katika milisekunde hiyo moja limeshakwenda kilomita 300, karibu kutoka Eldoret hadi Nairobi kwa barabara. Sauti ni goigoi, na ugoigoi wake ndio faida: saa ya bei nafuu ndani ya simu inaweza kuipima.

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mtu angedhani hewa yetu nyepesi itavuruga hesabu. Haivurugi. Kasi ya sauti hufuata joto. Asubuhi ya nyuzi 10 na alasiri ya nyuzi 24 ndizo zinazosumbua, maana kifaa kisipozingatia tofauti hiyo hukosea kama sentimita 25 katika kila mita 10. Hata shada la funguo likitikiswa karibu na simu linaweza kukitatiza, kwa kuwa chuma kikigonga chuma hutoa sauti za juu tusizozisikia. Lakini sifa moja ya mlio huu haina mpinzani: haupenyi ukuta. Mawimbi ya Wi-Fi hupita chumba hadi chumba na kuacha shaka, ilhali mlio wa juu hubaki chumbani ulikotolewa. Sonitor, kampuni ya Norway, imejenga biashara yake ya hospitali juu ya sifa hiyo, ili muuguzi ajue mashine iko chumba kipi hasa.

Sasa kuna swali ambalo mwenye jengo ni nadra kuliuliza: jibu linakaa kwa nani? Mwishoni mwa miaka ya 1990, maabara ya AT&T huko Cambridge, Uingereza, iliwavisha wafanyakazi wake kifaa kidogo kilichoitwa Bat. Kifaa kilipiga mlio, vipokezi vya darini vikausikia, na kompyuta ya kati ikajua mtu yuko wapi kwa usahihi wa sentimita chache. Mwaka 2000, watafiti wa MIT nchini Marekani walikuja na mfumo wao, Cricket, wakaugeuza mpango huo. Dari ndiyo iliyopiga, kwa redio na kwa mlio wa juu pamoja, na kifaa cha mtu kikapima pengo kati ya viwili hivyo, jinsi mkulima anavyokadiria umbali wa radi kwa kuona mwanga kwanza na kusikia ngurumo baadaye. Jibu lilibaki mkononi mwa mwenye kifaa. Dari haikujua nani kapita. Walifanya hivyo kwa makusudi, ili mtu ajue alipo pasipo kuripotiwa.

Kisa ninachotaka kukitoa ni cha kubuni, ingawa vyombo vyake vyote vipo. Mama mmoja muuza mitumba ana simu ya mkono wa pili. Mwanawe wa kidato cha tatu amemwekea programu ya duka kubwa: ukiingia mlangoni unapata pointi, pointi zikijaa unapunguziwa bei ya unga.

"Inaomba maikrofoni," mama alisema siku ile ya kwanza. "Ya nini?"

"Bonyeza tu Ruhusu, mama. Bila hiyo haihesabu."

Na kweli ilihesabu. Alipata unga. Hakuna aliyemdanganya kuhusu unga.

Ila kile kipande cha programu kinachosikiliza hakikutengenezwa na duka. Kilinunuliwa kwa kampuni nyingine, na kampuni hiyo iliwauzia pia wenye majengo spika za kuwaelekeza wageni, kila chumba na msimbo wake. Jengo la kliniki aliyokwenda mama lilikuwa na spika hizo. Kila mwezi alipanda orofa ya tatu, kwenye chumba cha kliniki ya kisukari, akaketi kwenye benchi, simu mfukoni. Muda si mrefu matangazo ya majani ya kushusha sukari yakaanza kumjia. Siku moja alimpa mwenzake wa chama simu atazame picha za harusi. Tangazo likajitokeza juu ya bi harusi. Mwenzake hakusema kitu, akarudisha simu. Wiki iliyofuata mweka hazina akamwambia mama kwa upole kwamba mkopo wake usubiri kidogo, "mpaka upate nguvu." Katika kikao kizima hakuna aliyetamka neno kisukari.

Anayedhani nimetia chumvi aitazame SilverPush, kampuni iliyoanzia India. Iliweka mlio usiosikika ndani ya matangazo ya televisheni, na kipande chake cha programu, kikiwa kimejificha ndani ya programu za watu wengine, kikausikiliza na kuripoti mwenye simu alikuwa akitazama nini. Machi 2016, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua za onyo watengenezaji 12 wa programu waliokuwa wamekitumia. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wao: programu 234 za Android zilikuwa na kipande hicho cha SilverPush. Walitembelea pia maduka 35 katika miji miwili ya Ulaya, wakakuta manne yanapiga milio. Kwenye televisheni hawakuupata mlio huo. Maduka yale yalitumia mfumo wa Shopkick, ambao mteja huufungua mwenyewe akijua anatafuta pointi, na hapo sina ugomvi mkubwa. Ugomvi wangu ni pale ruhusa ya pointi inapogeuka kuwa ruhusa ya kujua benchi ulilokalia. Simu husikiliza dari kama ilivyokuwa kwa Cricket, kisha hupeleka jibu kwa watu usiowajua. Mpango uliobuniwa kuficha mtu ukawa wa kumfichua, na kilichoongezwa hapo katikati ni bando la intaneti tu, tena alilolinunua yeye mwenyewe.

Sisi Wakenya hatukuhitaji mlio wa juu ili kuonja jambo hili. Programu za mikopo ya simu zilitufunza mapema, shangazi zetu walipopigiwa kuhusu madeni wasiyoyajua. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu waliopatikana kupitia wengine, na kuwatumia jumbe za vitisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya kazi mahususi, inataja mahali mtu alipo kuwa miongoni mwa mambo yanayomtambulisha, na inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Faini ya juu kwa kampuni ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka, ile iliyo ndogo zaidi. Ndogo zaidi! Aliyeandika kifungu hicho aliwahurumia wenye kampuni kuliko wenye simu. Hata hivyo sheria ipo, na mwenye jengo anayefungiwa spika darini ana haki ya kudai mkataba unaosema simu ya mgeni haitaripoti kitu.

Simu mpya zina afadhali. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyolala nyuma hunyimwa maikrofoni, na tangu Android 12 ya 2021 alama ya kijani hujitokeza juu ya kioo pale kitu kinaposikiliza. Simu ya mama haikuwa na moja wala jingine. Baada ya kile kikao alimkabidhi mwanawe, akamsimamia kichwani. Kijana akafungua Mipangilio, akaingia Ruhusa, akabonyeza Maikrofoni. Orodha ikashuka: WhatsApp, kamera, kinasa sauti, hizo zina sababu. Halafu ile ya pointi. Halafu kibodi ya vikatuni. Halafu tochi.

"Tochi inasikiliza nini?" mama akauliza.

Kijana hakuwa na jibu. Akazima moja baada ya nyingine, akamrudishia.

"Na yako?"

"Yangu haina shida, mama."

"Ilete."