Mlidhani Mtoto Yuko kwa Nani?

Somo la kutafakari pamoja: Luka 2:41-52



Likizo ya Agosti ndiyo likizo ya baridi kwetu sisi wa Nairobi. Tangu Juni mawingu hutanda, manyunyu huanguka asubuhi, na watoto hukohoa usiku kucha. Mtoto wa bweni anarudi, wadogo wanafunga shule, na nyumba ya vyumba viwili inajaa ghafla. Wote wanauliza swali moja: "Mwaka huu tutaenda wapi?" Kwa wengi wetu wa Kabiria, Riruta, Waithaka na Kawangware, jibu si Mombasa. Jibu ni mjini, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Huenda mtu akasema kwamba hilo ni jambo dogo mno kwa ukurasa wa ndoa. Lakini sikilizeni barua ya mama mmoja wa Kabiria.

Mama huyu ana watoto wanne: binti wa miaka 15 aliye shule ya bweni, mvulana wa miaka 12, msichana wa miaka 6, na mdogo wa miaka 2 anayebebwa mgongoni. Agosti ya mwaka jana walikwenda mjini wote sita. Baba alitangulia na binti mkubwa, mama akafuata nyuma na wale wadogo. Walipofika steji ya kurudi nyumbani, mvulana hakuwepo. Baba alidhani yuko kwa mama; mama alidhani yuko kwa baba. Walimtafuta kwa zaidi ya saa nzima, wakamkuta amesimama kando ya muuza magazeti, analia kimya kimya. Njiani baba hakusema neno. Usiku yakatoka maneno mazito, kutoka pande zote mbili, na watoto waliyasikia. Tangu siku hiyo baba ameapa kwamba hatatoka tena na familia. Mama anaandika: "Mtoto tulimpata, lakini sisi wawili hatujapatana. Sasa Agosti imefika na watoto wanauliza. Niwajibu nini?"

Dada mpendwa, na wewe kaka uliyeapa, fungueni Injili ya Luka. Habari yenu imo humo.

Familia iliyopotelewa

Kila mwaka Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Kutoka Nazareti ni zaidi ya kilomita 100, safari ya siku kadhaa kwa miguu, nao walikuwa watu wa kipato kidogo. Hata hivyo walikwenda, na walikwenda pamoja. Yesu alipokuwa na miaka 12, umri ule ule wa mvulana wenu, alibaki mjini nao wasijue. Walisafiri siku nzima wakidhani yumo katika msafara. Walirudi kumtafuta, na walimpata baada ya siku tatu.

Basi, kama wazazi watakatifu kuliko wote walipotelewa na mtoto katika mji wenye watu wengi, nani kati yetu atamnyoshea mwenzake kidole? Kupotelewa na mtoto katika msongamano si ushahidi kwamba mke ni mzembe au kwamba mume hajali. Ni ushahidi kwamba watu wawili walidhani badala ya kuulizana.

Angalieni pia jinsi Maria alivyosema alipompata mwanawe. Hakusema juu ya uchungu wake peke yake. Alimtaja Yosefu kwanza, ndipo akajitaja mwenyewe. Wote wawili walikuwa wamehangaika, wote wawili walikuwa wametafuta. Maandiko hayatuambii popote kwamba mmoja alimlaumu mwingine. Hofu waliibeba pamoja, kama walivyoibeba safari.

Huko ndiko mlikokosea usiku ule. Hofu ya baba iligeuka hasira, na hofu ya mama iligeuka majibu makali. Kila mmoja alikuwa akisema, "Niliogopa sana," lakini mwenzake alisikia, "Kosa ni lako." Wazee walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi ni wale wanne waliokuwa wakisikiliza kitandani. Na mvulana wenu, tangu siku hiyo, huenda anaamini kwamba yeye ndiye aliyevunja amani ya nyumba. Mwambieni kwamba siyo yeye. Mwambieni mkiwa wawili, kabla ya kupanga safari yoyote.

Kabla ya kutoka: kikao cha wawili

Jioni moja, watoto wakisha kulala, kaeni chini na kikombe cha chai. Msianze na pesa. Anzeni na lile neno la mwaka jana. Mume amwambie mkewe alichohofia, na mke amwambie mumewe. Kisha ombaneni msamaha. Kiapo kilichotolewa kwa hasira dhidi ya familia yako si kifungo, ndugu yangu. Kinachokufunga ni ahadi uliyoiweka mbele ya altare.

Baada ya hapo ndipo mzungumzie pesa, tena bila kufichana. Hesabuni nauli ya watu sita kwenda na kurudi, mkikumbuka kwamba jioni na wakati wa mvua nauli hupanda. Hesabuni viingilio, na muulize mapema, kwa maana hubadilika. Bebeni vitambulisho vyenu, kwa sababu mwananchi hutozwa chini ya mgeni. Wekeni kando kidogo kidogo tangu Juni. Haba na haba hujaza kibaba. Chakula kitoke nyumbani: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, maandazi na chupa ya chai. Na pesa zikitosha mahali pamoja tu, mwende pamoja tu. Kukopa ili jirani aone mmetoka ni kuwanunulia watoto furaha ya siku moja kwa ugomvi wa mwezi mzima.

Kila mtoto kwa kimo chake

Ugumu wa familia kama hii ni kwamba kinachomfurahisha mmoja humchosha mwingine. Wa miaka 2 atalala mchana, mtake msitake. Wa miaka 6 ana miguu ya saa mbili. Wa miaka 12 anataka kujua kila kitu. Wa miaka 15 anaona haya kuonekana na wazazi wake. Dawa yake ni kuchagua sehemu mbili tu, au tatu zilizo karibu, na kila mtoto apate kitu kimoja kilicho chake.

Chukueni mfano huu. Pandeni matatu asubuhi, msongamano wa Ngong Road ukishapungua. Anzeni kwenye Makumbusho ya Taifa, ambako kuna paa la kuwakinga na manyunyu. Uani mwake mdogo wa miaka 6 atamwona mfano wa Ahmed, yule ndovu wa Marsabit ambaye Rais Kenyatta aliamuru mwaka 1970 alindwe, akafa mwaka 1974. Mvulana naye atajifunza habari za Mvulana wa Turkana, mifupa ya kijana mdogo aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa hiyo ilianza kuonekana mwaka 1984, na aliyeigundua ni Mkenya, Kamoya Kimeu.

Hapo mvulana anaweza kuuliza: "Baba, na Adamu je?" Msimnyamazishe. Papa Pio wa Kumi na Mbili aliandika mwaka 1950 kwamba wataalamu wanaruhusiwa kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, ilimradi tushike kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Yohane Paulo wa Pili alilizungumzia tena mwaka 1996. Na kama hamjui jibu, semeni mtamwuliza paroko. Kumbukeni kwamba Yesu wa miaka 12 alikutwa akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Mtoto anayeuliza yuko mahali pazuri.

Baada ya chakula, rudini katikati ya mji. Mnaweza kupita kwenye bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Ijumaa ile ya mwaka 1998, na zaidi ya watu 200 wakauawa katika jiji letu. Majina yao yameandikwa ukutani. Binti wa miaka 15 alikuwa hajazaliwa, lakini ana umri wa kuelewa. Baba asimame naye hapo, amweleze siku ile ilikuwaje kwa waliokuwepo, na wawaombee marehemu pumziko la milele. Wakati huo mama akae na wadogo kwenye bustani. Huenda msichana huyo, ambaye nyumbani hajibu neno ila kwa simu, akaanza kuuliza.

Mwisho ingieni katika Basilika ya Familia Takatifu. Iliheshimiwa kuwa basilika mwaka 1982, na jina lake ni letu sisi wote tulio na ndoa na watoto. Kaeni kimya dakika kumi. Mdogo akilia, mama au baba atoke naye nje. Hilo nalo ni sala. Kisha nyumbani, kabla ya watu kuanza kung'ang'ania matatu na kabla giza halijaingia.

Nani yuko na nani

Gawaneni watoto kwa majina, kwa sauti, mbele yao wote: "Huyu na huyu wako na baba; hawa wawili wako na mama." Mkibadilishana, semeni tena. Mwenye mtoto mkubwa asitangulie mbali. Familia huenda kwa mwendo wa yule mwenye hatua fupi. Mvulana ajue nambari za simu za wazazi wote wawili kwa kichwa. Kubalianeni kila mnapofika: "Tukipotezana, tunakutana kwenye lango hili." Wa miaka 6 aandikiwe nambari kwenye karatasi ndani ya mfuko wa sweta. Na sweta ziwe za watu wote, hata asubuhi ikiwa na jua.

Hata hivyo, msiwafunge kamba kwa sababu ya hofu ya mwaka jana. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko aliwaonya wazazi kwamba kumchunga mtoto kwa wasiwasi kila dakika si kumlea. Aliwataka wajue zaidi mtoto yuko wapi kimoyo, anasadiki nini na anatamani nini, kuliko kujua tu amesimama wapi. Tunaweza kuwa na watoto wote wanne ndani ya nyumba moja pale Kabiria, milango imefungwa, na bado tumepotelewa nao. Baba anayeondoka alfajiri na kurudi usiku anaweza kupotelewa na binti yake kwa mwaka mzima bila kujua, naye akidhani yuko kwa mama. Na mke na mume wanaweza kulala kitanda kimoja, kila mmoja akidhani mwenzake yuko salama katika msafara.

Ndiyo sababu safari hii ni ya lazima kwenu, kaka na dada. Yosefu na Maria waligeuka wakarudi Yerusalemu. Hawakuendelea na safari huku wakinuniana. Rudini nanyi pale mlipopotezana.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni hofu gani ambayo mwenzangu ameisikia kwangu kama lawama?
2. Ni mtoto yupi ambaye mimi nimedhani yuko kwa mwenzangu?
3. Agosti hii, kila mtoto wetu angependa kitu gani kimoja? Tumemwuliza?

Tuombe

Ee Mungu Baba yetu, uliyemkabidhi Mwanao kwa Maria na Yosefu, ulituze sisi uliotukabidhi watoto hawa. Utuondolee maneno yaliyobaki moyoni tangu mwaka jana. Utupe hatua za polepole, masikio ya kusikia, na mkono wa kumshika mwenzetu katika umati. Na tunapopotezana, utupe moyo wa kurudi kutafutana. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.