Alishukuru Kabla Mikate Haijatosha

Neno la wiki: Yohana 6:1-13, na mstari wa 23



Jumapili tulisoma habari ya Bwana Yesu kulisha watu elfu tano. Najua ukiona hivyo utasema, "Hiyo naijua tangu utotoni." Lakini ukiacha kufufuka kwa Bwana, huu ndio muujiza pekee ambao Mathayo, Marko, Luka na Yohana wote wameuandika. Kama Roho Mtakatifu aliona tuambiwe mara nne, basi tukae hapo kidogo.

Yesu anamuuliza Filipo watanunua wapi mikate ya watu hawa. Filipo anafanya kile mtu aliyesoma biashara kama mimi angefanya: anapiga hesabu. Anajibu kwamba hata mikate ya dinari mia mbili haitoshi kila mtu kupata kidogo. Sasa, dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua wa siku moja, kama tunavyoona kwa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Filipo anaongea juu ya siku 200 za kibarua.

Sisi wa Baba Dogo hesabu hiyo tunaielewa bila kufundishwa. Kila asubuhi ndugu zetu wanasimama kwenye mageti ya viwanda hapa, wakingoja kuona kama leo wataitwa ndani. Tuseme ukiitwa unalipwa shilingi 600. Mara 200, hiyo ni shilingi 120,000. Na hata na hizo zote, anasema Filipo, kila mtu ataonja tu.

Wahubiri wengine humgombeza Filipo hapo, ati hakuwa na imani. Mimi simgombezi. Hesabu yake ilikuwa sawa. Na wewe ukipiga hesabu ya mwezi huu, nyumba, stima, maji ya mitungi, karo, nauli, ukaona haifiki, hiyo haimaanishi huna imani. Inamaanisha tu unajua kuhesabu.

Halafu Andrea analeta kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Shayiri ilikuwa chakula cha watu wa chini. Sasa tazama vizuri ni nini kinakuja kwanza na ni nini kinafuata. Yesu anatwaa mikate. Anashukuru. Ndipo anagawa. Anashukuru lini, wapendwa? Mikate ikiwa bado mitano! Umati uko mbele yake, na Mathayo anasema hao elfu tano ni wanaume tu, wanawake na watoto hawajahesabiwa. Sisi tungengoja. Tungesema, "Wakishiba, tutafanya ibada ya shukrani." Yesu anashukuru wakati hesabu bado inakataa.

Hapo ndipo Neno hili linatugusa. Wakati wa ushuhuda tunasikia kazi imepatikana, ploti imenunuliwa, visa imetoka. Tunapiga makofi, na tuendelee kupiga. Lakini kuna mama mmoja, ambaye ameniruhusu niandike haya bila jina lake, aliniambia baada ya ibada, "Pasta, mimi nimekaa hapa miaka mitatu sijawahi kusimama. Labda Mungu ananipita." Nikamuuliza wiki yake ilikuwaje. Mtoto alishikwa na homa Jumanne, usiku ikashuka. Jirani alimletea makaa bila kuombwa. Ijumaa mandazi yake yaliisha kabla ya saa tatu asubuhi. Nikamwambia, "Mama, hizo ni shuhuda tatu kwa wiki moja." Akanyamaza, kisha akalia.

Mpendwa, hili ni jambo zito. Mtu anaweza kukaa karibu na Mungu miaka mitatu akidhani ameachwa, kwa sababu tu anamngoja kwenye kitu kikubwa. Tujifunze mambo matatu kwa Bwana.

La kwanza, aliwaketisha watu. Kabla ya shukrani, kabla ya chakula, walikaa chini. Na Yohana anatuambia mahali pale palikuwa na nyasi nyingi. Miaka mingi imepita na bado kuna mtu anakumbuka nyasi! Mwenye haraka hakumbuki nyasi. Sisi wengi tunafika nyumbani na mwili tu. Akili imebaki kazini, ama iko kwa simu. Mtoto anakuja na daftari, "Baba, ona." Unasema, "Ehe, nimeona," na hujainua macho. Wiki hii, sufuria ikishuka jikoni, weka simu mbali mpaka sahani ziishe. Ongea na watu wako. Kama unaishi peke yako, kula polepole, ujue unakula na Bwana. Huwezi kushukuru kwa kitu ambacho hukuwepo kilipotokea.

La pili, alishukuru kwa kilichokuwa mkononi. Chuoni tulifunzwa kwamba kila jambo kwenye vitabu vya biashara huandikwa mara mbili, upande huu na upande ule. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha maelezo ya njia hiyo kule Venice mwaka 1494, na mpaka leo biashara zinaitumia. Sababu ni rahisi: ukiandika upande mmoja tu, hutajua ukweli wa hali yako. Na sasa angalia kitabu cha roho yako. Madeni yako yote umeyashika kwa kichwa, mpaka tarehe. Je, ulichopokea leo umekiandika? Pumzi, rafiki aliyekupigia simu, matatu iliyokufikisha salama, mvua iliyongoja mpaka ukaanua nguo? Sikwambii ufute upande wa madeni. Nakwambia uandike na ule mwingine, ndipo uone ukweli wote.

La tatu, alikusanya vipande. Yeye anayeweza kuzidisha mikate ndiye anayesema kisipotee kitu, na vikajaa vikapu kumi na viwili. Mama zetu wanalijua hili. Ugali wa jana unapashwa moto asubuhi, unaliwa na chai, na watoto wanaenda shule wameshiba. Hiyo pia ni shukrani. Mtu anayeshukuru hutunza. Basi kusanya na vipande vya siku yako: zile dakika kumi unatembea kutoka kazini, ule wakati unangoja mtungi ujae kwenye foleni ya maji. Usivitupe kwa malalamiko. Hapo ongea na Baba yako.

Lakini nisieleweke vibaya. Shukrani si kufunga mdomo. Kama mwenye kazi amekunyima malipo yako, hakuna andiko linalosema umshukuru unyamaze. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na Mungu anasikia. Dai haki yako. Paulo anatufundisha kushukuru katika kila jambo, 1 Wathesalonike 5:18, hasemi kila jambo ni zuri. Na kama umefiwa, usilazimishe tabasamu ndiyo watu waone una imani. Yesu mwenyewe alilia Lazaro alipokufa. Lakini soma Yohana 11 mpaka mstari wa 41: jiwe limeondolewa, Lazaro bado yuko ndani, na Yesu anainua macho na kumshukuru Baba. Machozi yalikuwa usoni, na shukrani mdomoni. Vyote viwili vinakubalika mbele za Mungu.

Sasa soma mstari wa 23 wa sura yetu. Kesho yake mashua zinafika karibu na pale, na Yohana anahitaji kutuambia ni mahali gani. Angesema ni pale mikate ilipozidi. Badala yake anasema ni pale watu walipokula baada ya Bwana kushukuru. Mahali pale panatambulishwa kwa shukrani! Chumba chako hapa Baba Dogo, hata kama ni cha mabati na hujamaliza kukilipia mwezi huu, kinaweza kuitwa hivyo: pale watu walikula, na Bwana akashukuriwa.

Kazi ya wiki: kila jioni andika kitu kimoja ulichopokea siku hiyo, hata kwenye karatasi ya unga. Jumapili tutaanza ushuhuda na vitu vidogo. Ukiwa hujawahi kusimama, simama na mkate wako wa shayiri. Hakuna atakayecheka.

Tuombe. Baba, hesabu zetu unazijua, na hatuzifichi mbele zako. Tupe macho ya kuona ulichoweka mkononi mwetu leo. Wanaongoja getini kesho asubuhi, waonekane mbele zako na wapate kibali. Wanaolia, kaa nao. Na kwa mkate wa leo, asante. Katika jina la Yesu, Amina.