MBONA UNAMPIGIA KELELE MWENZIO?

Kijana mpendwa, unapenda sinema za kutisha? Ipo moja ya Marekani, "The Evil Dead", aliyoitoa Sam Raimi mwaka 1981. Marafiki watano wanakwenda kulala kwenye kijumba porini. Wanashuka chini ya sakafu, wanakuta kanda yenye maneno ya kuita mapepo, wanaicheza. Basi! Mapepo yanawavamia mmoja baada ya mwingine.

Nawe umekaa kwenye kibanda cha video hapa Bagamoyo, unapiga kelele: "Wee, usishuke! Utakufa!"

Ajabu! Hatari ya Mmarekani umeiona. Lakini usiku huohuo rafiki akikuita ufukweni mkabwie unga, unamfuata kimya. Kumbe akili ya kuona hatari unayo! Siku ya hukumu utasemaje? Kwamba hukujua?

Damu ya sinema ile ilikuwa shira iliyotiwa rangi. Haikumuua mtu, wala haimwokoi mtu. Damu ya Yesu ni ya kweli, ilimwagika kwa ajili yako. Yeye anabisha mlangoni kwako sasa hivi (Ufunuo 3:20). Mlango huu usiuogope. Fungua leo! Sema, "Bwana Yesu, karibu ndani."