Usiku wa Nehemia na Seva Zetu

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikaamka gizani. Sisi wa Ruvuma tuliungwa na gridi hiyo kupitia Makambako mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, na taa zikirudi tunashangilia. Leo nasema na ndugu zetu wa TEHAMA na watunza kumbukumbu wa hospitali na zahanati, toka milima ya Umatengo hadi Liuli na Mbamba Bay, kwa maana umeme ukirudi ndipo kazi yenu ngumu huanza.

Seva ya kusawazisha data hupokea taarifa za vituo vingi na kuzigawa kwa vyote. Ikizimika ghafla, huenda ilikuwa katikati ya kuandika. Na kama betri ya saa yake imekufa, huwaka ikiwa na tarehe ya zamani. Dozi aliyopewa mtoto leo itapata tarehe hiyo, na mfumo unaochagua taarifa mpya kwa kutazama tarehe utaitupa. Kosa hilo litasambaa hadi kituo cha mwisho.

Hapa namkumbuka Nehemia wa Biblia: alipofika Yerusalemu kuujenga upya ukuta wake, alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua. Mahali pengine mnyama aliyempanda hakupata hata pa kupita. Tunamsifu kwa ukuta uliokamilika kwa siku 52. Mimi navutwa zaidi na usiku ule wa ukaguzi.

Nanyi kagueni. Seva ikiwaka, vituo visiunganishwe kwanza. Tazameni saa. Iacheni hifadhidata ijirekebishe kwa logi zake hadi imalize, wala msiizime kwa kukosa subira. Wekeni nakala ya akiba pembeni. Linganisheni rekodi za mwisho na vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, ambavyo muuguzi aliendelea kuviandika kwa kalamu umeme ulipokatika. Unganisheni kituo kimoja, mkiangalie, ndipo vingine vifuate.

Najua foleni ni ndefu na mganga mfawidhi anauliza. Waganga wafawidhi, nawasihi, msiwaharakishe hawa. Mama aliyekuja kwa mtumbwi na mwanawe mgongoni anastahili kukuta chanjo ya mwezi uliopita imeandikwa. Wiki hii, katika jumuiya ndogondogo, tuwaombee kwa kuwataja wanaokesha na mashine hizo.