Udongo wa Butula na Haki ya Kuutolea Ushahidi

Kipande cha udongo chenye upana wa ungo kina haki gani ya kulisemea shamba zima? Swali hili ni la falsafa kabla halijawa la sayansi, na huko Butula, kaunti ya Busia, lina uzito wa pekee, kwa sababu shamba moja tu la mkulima mdogo halifanani na lenyewe. Juu kuna mahindi yaliyotiwa mbolea ya CAN, kando yake miwa, bondeni unyevu haukauki upesi, na penye kichuguu mchwa wanatoa methani yao. Njia inayotumika sana kupima gesi zinazotoka udongoni huzamisha fremu ardhini mapema, kisha kasha hufunikwa juu yake na hewa huvutwa kwa bomba la sindano, tuseme kila baada ya dakika 10 kwa nusu saa, na kutiwa katika vichupa vya kupelekwa maabara. Kasi ya gesi kuongezeka ndani ya kasha ndiyo kipimo. Aliyeweka kasha katikati ya mistari ya mahindi atapata jibu moja, na aliyeliweka pale mbolea ilipoangukia atapata jingine, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Ninashikilia kwamba kipimo cha namna hii ni ushahidi, na shahidi haaminiwi kwa unyofu wake pekee. Sharti awe alikuwepo jambo lilipotendeka. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti wa Muguga karibu na Nairobi, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa tena, mboji huoza kwa kasi na kabonidayoksaidi hutoka kwa wingi kwa muda mfupi. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya Machi inaweza kubeba habari ambayo wiki nyingi za ukame hazina. Anayefika shambani kila Jumatano asubuhi anaweza kuikosa, na daftari lake likabaki safi, bila kosa la hesabu hata moja, huku likiusingizia udongo utulivu usiokuwa nao.

Atatokea wa kusema kwamba, kama ni hivyo, hakuna ajuaye lolote, maana hakuna awezaye kufunika Butula nzima kwa makasha. Hoja hiyo inadai ujuzi kamili, kisha inatupa ujuzi wa kadiri uliopo. Makasha mengi yakitawanywa bila upendeleo, ukubwa wa shaka wenyewe hukadirika, na shaka iliyokadiriwa ni sehemu ya ujuzi. Wengine huchanganya hewa ya makasha kadhaa katika sindano moja ili kupunguza gharama za maabara. Ni busara, ila ina bei yake: wastani hubaki, na tofauti kati ya bonde na kichuguu hupotea. Kwamba kasha lenyewe huugusa udongo linaoupima ni kweli pia. Ndiyo maana hufunikwa kwa muda mfupi.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: kwa nini tusitumie kadirio la kimataifa? Mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, unachukulia kwamba takriban 1% ya nitrojeni ya mbolea hugeuka gesi ya nitrasi oksaidi. Lakini vipimo vya mwaka mzima huko Nyando, magharibi mwa Kenya, vilivyochapishwa 2017, vilikuta mashamba ya wakulima wadogo yakitoa kiasi kidogo cha gesi za udongo. Mkulima anayetia kiganja cha mbolea kwenye shimo hawezi kubebeshwa hesabu iliyojengwa zaidi kwa mashamba ya mbali yanayomwagiwa magunia. Na Nyando nayo si Butula. Basi kila nambari itakayotajwa kwa jina la Butula iandikwe pamoja na mahali kasha lilipowekwa, saa lilipofunikwa na siku zilizopita tangu mvua. Isiyo na hayo, wapangaji wa kaunti wasiipokee.